Mistari na rangi kubadilika kwenye vifungashio: chanzo, tiba na nani alipe

Giheke ni moja ya tarafa 18 za wilaya ya Rusizi, eneo ambalo hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 lilikuwa katika mkoa wa Cyangugu, kusini magharibi mwa Rwanda. Ni nchi ya chai, na kiwanda cha Shagasha ndicho jina linalojulikana zaidi katika zao hilo wilayani. Kutoka huko hadi mpaka wa Bukavu ni mwendo mfupi, lakini kwenda Kigali kwa barabara ya Huye ni lazima kuvuka msitu wa Nyungwe.

Umbali huo una maana kubwa kwa mfanyabiashara anayefungasha chai, kahawa, unga au sabuni ya kuuza pande mbili za mpaka. Lebo au katoni zikichapwa vibaya Kigali, Kampala au Nairobi, kasoro mara nyingi huonekana mzigo ukiwa umeshafika. Kurudisha ni nauli ya pili, kuchapa upya ni wiki nyingine, na bidhaa inabaki ghalani ikisubiri mavazi.

Kasoro mbili huzusha ugomvi zaidi ya nyingine. Ya kwanza ni mistari inayojitokeza mahali ambapo rangi ilitakiwa kufifia taratibu. Ya pili ni rangi kuhama, yaani kijani cha mwezi uliopita kuwa kijani kingine mwezi huu. Makala haya yanaeleza kila kasoro inatoka wapi, inazuiwaje, na mfanyabiashara, mchapaji na msafirishaji wanawezaje kujua ni nani anayestahili kulipa.

KWA NINI RANGI NI FEDHA

Chai inayopelekwa mnada wa Mombasa husafiri katika mifuko mikubwa ya karatasi. Mnunuzi wa mnadani huonja chai yenyewe, hivyo rangi ya mfuko haimpi wala kumnyima bei. Mambo hubadilika kwenye pakiti ya rejareja. Mteja sokoni hamjui mwenye kiwanda. Anaijua pakiti kwa sura yake. Wapo wanaoagiza kwa rangi tu: "Nipe ile nyekundu." Pakiti ikija na wekundu wa matofali badala ya wekundu wa pilipili, muuzaji anaulizwa kama mali ni halisi au ya bandia.

Chukua mfano wa kufikirika. Mfanyabiashara anachapa katoni 5,000 kwa faranga 400 kila moja, jumla faranga milioni 2. Kila katoni inabeba bidhaa ya faranga 20,000, hivyo shehena nzima ina thamani ya faranga milioni 100. Mnunuzi akidai punguzo la asilimia 5 kwa sababu katoni zinatia shaka, hasara ni milioni 5, zaidi ya mara mbili ya gharama yote ya uchapaji. Ndiyo maana kubana matumizi kwenye prufu ni kuokoa sarafu na kupoteza noti.

MFIFIO WA RANGI UNAVYOTENGENEZWA

Mfifio ni eneo la picha ambalo rangi huanza ikiwa nzito na kupungua polepole, kama anga la bluu linaloishia kuwa jeupe. Mashine ya ofseti haina wino mzito na wino mwepesi. Ina wino mmoja tu kwa kila rangi. Wepesi hupatikana kwa vitone: vikiwa vikubwa jicho huona rangi nzito, vikiwa vidogo karatasi nyeupe huonekana katikati yake na rangi huonekana nyepesi.

Kwenye kompyuta, faili ya kawaida hubeba ngazi 256 kwa kila rangi, kutoka tupu hadi kujaa. Mfifio wa kweli usio na ngazi haupo. Kuna ngazi nyingi nyembamba ambazo jicho haliwezi kuzitenganisha. Kwa kanuni ya kazi, ngazi isizidi milimita 0.8 kwa upana. Ikikaribia milimita moja na kuendelea, jicho huanza kuona mistari.

Hapo hesabu ni rahisi. Mfifio unaotoka asilimia 100 hadi 0 una ngazi 256, hivyo unaweza kufika takriban sentimita 19 bila mistari. Unaotoka asilimia 70 hadi 20 una ngazi kama 128 tu, na mwisho wake salama ni karibu sentimita 10. Unaotoka asilimia 40 hadi 20 una ngazi 51, na ukizidi sentimita 4 uko hatarini. Katoni yenye upande wa sentimita 40 iliyopambwa kwa mfifio wa asilimia 40 hadi 20 ina ngazi za karibu milimita 8 kila moja. Hiyo itatoa mistari hata kwenye mashine mpya kabisa, na mchapaji hana kosa.

Ngazi hizo zinaweza kupotea pia wakati wa kutengeneza pleti. Katika vitone vya kawaida, idadi ya ngazi hupatikana kwa kugawanya nukta za mtambo wa pleti kwa mistari ya skrini, kisha jibu lizidishwe kwa lenyewe. Mtambo wa nukta 2,400 kwa inchi na skrini ya mistari 150 hutoa 16 mara 16, yaani 256. Mtambo wa nukta 1,200 na skrini hiyo hiyo hutoa 8 mara 8, yaani 64 tu. Anayetumia mtambo wa nukta 1,200 na kung'ang'ania skrini ya mistari 150 anaitupa robo tatu ya ngazi alizopewa. Akishuka hadi mistari 100 anapata 12 mara 12, yaani 144. Vitone vitaonekana vikubwa kidogo, lakini mfifio utatulia. Programu za kisasa za kutengeneza pleti hupunguza tatizo hili kwa kuchanganya vitone vya jirani, lakini pale zinapotumika mashine za zamani, hesabu hii bado inasimama.

TIBA YA MISTARI YA FAILI

Hatua ya kwanza ni kufupisha mfifio au kuongeza tofauti kati ya mwanzo na mwisho wake. Hatua ya pili ni kuongeza chembechembe, yaani mchanga mwepesi wa rangi ambao jicho halioni kwa umbali wa kawaida. Chembe hizo huvunja mpaka kati ya ngazi moja na nyingine. Hii ndiyo tiba ya bei nafuu kuliko zote, na msanifu huifanya kwa dakika chache.

Hatua ya tatu ni kufanyia kazi picha katika biti 16 badala ya 8 wakati wa kuihariri. Kila marekebisho ya mwanga au rangi hula ngazi kadhaa, na picha iliyohaririwa mara nyingi katika biti 8 hubaki na mapengo. Hatua ya nne ni kuacha kutuma picha za JPEG zilizobanwa sana. Picha ya lebo iliyopita kwenye simu mbili tatu kabla ya kufika kwa mchapaji imeshapoteza ngazi njiani, na hakuna mashine inayoweza kuzirudisha.

Kwa mifuko na lebo zinazochapwa kwa pleti laini za flekso, kuna jambo la ziada. Flekso hushindwa kushika vitone vidogo sana, vya chini ya asilimia 2 au 3. Mfifio unaokwenda hadi sifuri hukatika ghafla na kuacha ukingo mkali kama wa meza. Dawa ni kuuacha mfifio uishie asilimia 3 hadi 5, au kuupeleka hadi ukingoni mwa lebo ili mwisho wake usionekane.

MISTARI YA MASHINE

Si kila mstari ni kosa la msanifu. Mashine yenye gia zilizolika, beringi zilizolegea au rola zilizobanwa kupita kiasi huchora mistari yake yenyewe. Kuitofautisha na ya faili kunahitaji rula na lenzi ya kukuzia.

Mistari ya faili hufuata picha. Iko pale tu penye mfifio, na iko mahali pale pale kwenye kila karatasi. Mistari ya mashine hufuata karatasi. Huvuka upana wote sambamba na silinda, hupita hata kwenye maeneo ya rangi moja yasiyo na mfifio, na umbali kati ya mstari na mstari hulingana. Umbali huo ukilingana na jino la gia, chanzo kimepatikana. Kwenye mashine za dijitali za tona, alama inayojirudia kwa umbali mmoja huonyesha ngoma au rola yenye kasoro. Kwenye mashine za wino wa kurusha, mistari myembamba inayofuata mwendo wa kichwa huashiria matundu yaliyoziba, na tiba yake ni kusafisha kichwa na kukipanga upya.

Jaribio lisilo na gharama kubwa ni kugeuza kazi nyuzi 90 na kuchapa karatasi chache. Mistari ikigeuka pamoja na picha, tatizo liko kwenye faili au pleti. Ikibaki ilipokuwa huku picha imegeuka, tatizo liko kwenye mashine. Jaribio hili moja humaliza ubishi mwingi kati ya mteja na mchapaji.

RANGI INAHAMA WAPI

Sababu ya kwanza ni skrini. Kompyuta na simu hutoa rangi kwa mwanga, katika mfumo wa RGB. Uchapaji hutoa rangi kwa wino nne za CMYK: sayani, majenta, njano na nyeusi. Zipo rangi za skrini, hasa kijani kikali, rangi ya chungwa inayong'aa na bluu kali, ambazo wino hizo nne haziwezi kuzifikia. Mteja aliyeidhinisha kwa simu ameidhinisha kitu ambacho hakichapiki.

Bluu ina mtego wake. Hujengwa kwa sayani na majenta, na majenta ikikaribia sayani, bluu hugeuka zambarau. Wasanifu hushauriwa kuiacha majenta nyuma ya sayani kwa angalau asilimia 30. Mfifio kutoka nyekundu hadi kijani nao hupita kwenye kahawia chafu katikati. Ni bora kuupitisha kwenye njano.

Sababu ya pili ni kutanuka kwa vitone. Wino ukigandamizwa kwenye karatasi husambaa. Kitone cha asilimia 50 kwenye faili kinaweza kuonekana kama asilimia 65 hadi 70 kwenye karatasi. Karatasi isiyo na mng'ao hunywa wino zaidi, na picha hutiwa giza. Mchapaji makini hupima kutanuka huko na kukupunguza mapema kwenye pleti. Kiwango cha kimataifa cha ofseti, ISO 12647-2, kinaeleza vipimo vinavyotarajiwa kwa aina mbalimbali za karatasi.

Sababu ya tatu ni uwiano wa maji na wino. Ofseti huendeshwa kwa maji na mafuta kukataana. Maji yakizidi rangi hupauka. Yakipungua vitone huziba. Maji hayo kwa kawaida huwa na asidi kidogo, pH ya kati ya 4.5 na 5.5 hivi. Mwendesha mashine akisimamisha kazi na kuianza tena, kwa mfano umeme ukikatika, karatasi za kwanza baada ya kuwasha huwa na rangi isiyotulia. Hizo zinapaswa kutupwa, lakini mara nyingi ndizo zinazoishia katikati ya bunda la mteja.

Sababu ya nne ni kumalizia. Vanishi na lamineshi hubadilisha rangi, na wino mbichi hauna mng'ao ule ule wa wino uliokauka. Karatasi inayotoka mashineni isihukumiwe kwa haraka, na prufu ya kazi itakayopigwa lamineshi inapaswa kupigwa lamineshi pia.

Sababu ya tano ni taa. Rangi mbili zinaweza kulingana chini ya taa ya kiwandani na kutofautiana juani. Kiwango cha ukaguzi ni mwanga wa nyuzi 5,000 za Kelvin. Asiye na taa hiyo akague mchana, nje, kivulini, na asikague chini ya balbu ya manjano.

KARATASI YA KAKI NA SHERIA YA PLASTIKI

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, na mwaka 2019 ikapanua katazo hilo kwa plastiki zinazotumika mara moja. Wafanyabiashara wengi wakahamia kwenye karatasi, ikiwemo karatasi ya kaki. Katika Afrika Mashariki karatasi ya aina hiyo hutengenezwa Mgololo, wilayani Mufindi, Tanzania, na nyingine huagizwa kutoka nje.

Kwa rangi, kaki ni mtihani. Haina weupe wa kuonekana kati ya vitone, hivyo kila rangi nyepesi huchanganyika na kahawia ya karatasi. Njano hupotea, bluu nyepesi huwa kijivu, na mfifio unaokwenda kwenye weupe huishia kwenye kahawia. Shauri ni kutumia rangi nzito chache bila mifififo mirefu, au kutanguliza wino mweupe chini yake iwapo mchapaji ana uwezo huo. Anayehama kutoka pakiti nyeupe kwenda kaki asitegemee faili ya zamani, isanifiwe upya.

Kwa rangi ya nembo, njia ya uhakika zaidi ni wino maalumu uliochanganywa tayari kwa namba, kama zile za Pantone, badala ya kuijenga kwa wino nne. Gharama huongezeka kwa pleti moja, lakini rangi haiyumbi uwiano wa wino nyingine unapoyumba.

UCHAPAJI AU USAFIRI?

Msafirishaji hulaumiwa mara nyingi kwa kasoro ambazo hakuzisababisha, na mara nyingine hukwepa zile alizozisababisha. Alama zipo.

Rangi ikiwa imehama sawasawa kwenye bunda lote, juu, katikati na chini, hiyo ni kazi ya mchapaji. Ikiwa imeharibika kingo tu, au lebo za juu tu, mzigo ulipata maji, jua au msuguano. Kupauka kwa jua huanza upande uliokuwa wazi, na mara nyingi majenta na njano hutangulia, hivyo picha hubaki na ubluu. Michubuko inayoonekana pale mabunda yanapogusana ni msuguano wa barabarani, ingawa wino ulioondoka kiwandani kabla ya kukauka huchubuka kwa urahisi zaidi.

Njia ya Nyungwe ina mvua nyingi na baridi. Karatasi iliyotoka kwenye gari la baridi ikifunguliwa haraka kwenye ghala lenye joto hupata unyevu na kujikunja. Ni vizuri mabunda yakae ndani ya kifungashio chake kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kufunguliwa. Karatasi hupendelea unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Ghala la udongo wakati wa masika huvuka hapo kwa mbali.

Dereva naye anashauriwa aandike kwenye hati ya mzigo hali ya mabunda anapoyapokea: makavu, yamefungwa, idadi yake. Sahihi ya mchapaji chini ya maneno hayo inaweza kumwokoa siku ya ugomvi.

MAKUBALIANO YAANDIKWE

Neno "rangi nzuri" halitetewi popote. Oda inapaswa kutaja aina na uzito wa karatasi, aina ya wino, namba ya rangi ya nembo, na ukomo wa tofauti. Tofauti ya rangi hupimwa kwa kipimo cha Delta E. Kwa rangi nne za msingi, ISO 12647-2 inaruhusu hadi Delta E 5 kutoka thamani zilizowekwa. Kwa rangi ya nembo mteja anaweza kudai 3, mradi akubali kuwa ukali huo una bei yake.

Idadi nayo itajwe. Wachapaji wengi huomba nafasi ya asilimia 5 hadi 10 juu au chini ya oda. Nafasi hiyo iandikwe, pamoja na muda wa kutoa malalamiko na nani analipa nauli ya kurudisha mzigo mbovu. Kwa mteja wa Rusizi, kipengele hicho cha mwisho kinaweza kuwa na uzito kuliko punguzo la bei.

ORODHA YA KUKAGUA

1. Kabla ya faili kutoka: pima urefu wa mfifio na tofauti ya asilimia, ongeza chembechembe, geuza picha zote kuwa CMYK kwa karatasi itakayotumika.

2. Kabla ya pleti: dai prufu kwenye karatasi ile ile au iliyo karibu nayo. Itie sahihi na tarehe, ibaki nakala moja kwa kila upande.

3. Mashine inapoanza: mwakilishi wa mteja akubali karatasi ya kwanza iliyotulia na kuitia sahihi. Hiyo ndiyo hakimu wa kazi iliyobaki.

4. Kabla ya kupakia: chomoa karatasi za mwanzo, katikati na mwisho wa kazi, uzilinganishe na ile yenye sahihi kwenye mwanga wa mchana.

5. Wakati wa kupakia: mabunda yafungwe kwa kifuniko kisichopitisha maji, yainuliwe kutoka sakafuni mwa gari, na hali yake iandikwe.

6. Baada ya kupokea: subiri karatasi izoee hewa, fungua mabunda matatu ya sehemu tofauti, na toa malalamiko ndani ya muda ulioandikwa.

7. Kwa oda ijayo: hifadhi karatasi yenye sahihi gizani, ndani ya bahasha. Mchapaji atakayepewa oda ya pili alinganishe na karatasi hiyo, si na pakiti iliyokaa dirishani mwa duka kwa miezi sita.

Kati ya hatua hizi, ya nne ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu gari linakuwa limeshawashwa na dereva anataka kuvuka msitu kabla ya giza. Ukaguzi huo hauchukui hata saa moja. Mzigo ukishateremshwa Rusizi, kasoro ile ile itakaguliwa kwa siku kadhaa, kwa simu, na mteja akiwa tayari ameshalipa.